Duveti isijikusanye upande mmoja ikifuliwa: sindano kwanza, maji baadaye

Baridi ya Iringa, Njombe na Mbeya ikishaachia, mwezi wa 8 mwishoni mpaka wa 9 hivi, kila uwanja utakuta duveti ziko kwenye kamba, na jioni zikianuliwa ndo kelele zinaanza, katikati kitambaa kitupu, pamba yote imehamia miguuni mabonge mabonge, afu lawama zote anabebeshwa dada wa kazi au sabuni. Jamani sabuni haina nguvu ya kuhamisha pamba. Kinachohamisha ni uzito wa maji yaliyojificha humo ndani, na pamba yenyewe kukosa kitu cha kuishikilia. Ukishughulika na hayo mawili tu, mshono na uzito, hata duveti ya mtumba ya bei ya kawaida inafuliwa miaka na inabaki imelala vizuri. Na kazi kubwa unaifanya kabla haijagusa maji na nyingine wakati wa kuanika, pale kwenye beseni kinachotakiwa ni kutokuwa na haraka basi.

Kwanza ujue ndani kuna nini, mana huku kila kitu tunaita pamba hata kama sio pamba. Duveti nyingi tunazonunua, za dukani na za mtumba pia, ndani ni faiba, yani poliesta. Uzi wa poliesta wenyewe haunywi maji ila maji yanakaa katikati ya nyuzi, ndo mana duveti ya 6x6 uliyoibeba kwapani ikiwa kavu, ikitoka kwenye beseni inataka watu wawili. Sasa faiba nyingine imetandazwa shiti moja zima kona hadi kona, nyingine imepulizwa humo ndani vipande vipande. Ya shiti inahama ikichanika, ya vipande inahama ikipata upenyo tu. Kuzitofautisha bana duveti kwa vidole vya mikono yote miwili, uache nafasi ya kiganja hivi katikati, vuta taratibu kila mkono upande wake, ya shiti utaona inagoma, ya vipande inaachia na unasikia vijidonge vinateleza chini ya kitambaa.

Pamba halisi ya shambani, zile duveti nzito za kushonwa na fundi, inakunywa maji sana na inakauka kwa kujivuta, hiyo inataka mishono ya karibu karibu, vidole vinne kati ya mstari na mstari. Manyoya ya bata yanakuja kwenye mitumba ya Ulaya, utaijua kwa wepesi, na ukiibana unahisi vijiti vyembamba vya manyoya, kawaida imegawanywa vyumba vyumba. Na nyie watu wa Pwani wenye mito na magodoro ya sufi, ile ya mti wa msufi, msiloweke kabisa! Sufi ina nta nyembamba juu ya nyuzi zake, maji haiyataki, ukiilazimisha na kuifikicha inashikana mabonge ambayo hayachambuliki tena vizuri. Sufi unaitoa yote, unaianika juani juu ya mkeka umeifunika na chandarua cha zamani isipeperuke, foronya unafua, ikikauka unarudishia.

Sindano kwanza

Toa kava, tandaza duveti kitandani, pitisha viganja juu yake pole pole toka kichwani mpaka miguuni. Afu iinueni wawili muielekeze kwenye jua, mwanga upite toka nyuma. Palipo na pamba patakuwa na giza na palipohama panawaka, na kama kuna sehemu inawaka kabla hata haijaloa ujue hiyo ikiingia kwenye maji itageuka tundu kabisa. Kagua ule mchoro wa drafti, mshono mmoja mmoja. Kila ulioachia rudishia kwa mkono hapo hapo, usiseme nitashona nikishafua, ukishafua umechelewa, pamba imeshapita hapo imeenda zake.

Duveti za bei chee zina ugonjwa wao. Ukiangalia kwa karibu ile drafti haina uzi hata mmoja, ni vidoti tu, mashine imeyeyusha kitambaa cha juu na cha chini vikashikana. Dukani inapendeza sana, ila kidoti kimoja kikibanduka jirani zake wanabeba mzigo wake, ukiifua kwa vurugu unaweza ukapoteza mstari mzima kwa siku moja. Hizo mimi nasema zipigwe mafundo kabla ya kufuliwa mara ya kwanza, zikiwa mpya hivyo hivyo. Ukimpelekea fundi cherehani wengi watakataa, duveti nene haipiti chini ya mguu wa cherehani ya kawaida na akiilazimisha inajikunja, kwaiyo ni mkono.

Mafundo yanapigwa hivi. Tafuta sindano ndefu ya mkono, uzi imara, wa nailoni au uzi wa kufumia vitambaa, na subana ya kidole kama unayo mana utasukuma sana. Pima shubiri kwa shubiri, ni kama sentimita 20, na uweke alama kwa kipande cha sabuni kilichokauka, mafundi wanafanya hivyo na ikifuliwa inatoka yenyewe. Mstari wa pili usiupange sawa na wa kwanza, alama zake zikae katikati ya zile za juu yake, na wa tatu urudi sawa na wa kwanza, hivyo pamba haipati njia iliyonyooka ya kushukia. Kwenye kila alama zamisha sindano itokee chini, irudishe juu nusu sentimita tu pembeni ya ilipoingilia, vuta ibaki mikia miwili ya uzi ya urefu wa kidole. Funga, kulia juu ya kushoto, afu kushoto juu ya kulia, ukipiga fundo la upande mmoja mara mbili litafumuka ndani ya maji. Kaza mpaka vitambaa viwili viikamate pamba, sio mpaka duveti iwe na shimo. Kama kitambaa ni laini sana unaogopa kitachanika weka kifungo kidogo juu na chini, au kipande cha kanga kilichokunjwa. Duveti ya 6x6 ni kazi ya jioni moja mbili huku mnaangalia tamthilia, tena ukipata mtu wa kukaa upande wa pili akurudishie sindano inaenda haraka.

Ya pamba halisi kaza nafasi, nusu shubiri. Ya manyoya ya bata USIPIGE mafundo, kila tundu la sindano ni mlango na manyoya yanatoka moja moja mpaka unachoka kuokota, yenyewe unarekebisha tu mishono iliyoachia kwa sindano nyembamba kuliko zote ulizonazo.

Pindo nalo watu wanasahau. Kuna duveti pamba yake haijashikwa pembeni kabisa, imewekwa tu ndani ya mfuko, ukishika kona unashika vitambaa viwili vitupu. Hapo fumua upande mmoja, ingiza mkono uvute pamba mpaka kwenye kona, ishikize na ukingo wa ndani kwa bandi, ile mishono mirefu ya mkono, afu funga. Kona nne zikishikwa umeshapona nusu ya tatizo.

Kama ni duveti ya kupewa kwenye kichenpati na hutaki ionekane mafundo, basi piga bandi tu ya muda, mishono mirefu mirefu mistari ya shubiri kwa shubiri, unaifua nayo, ikikauka kabisa ndo unaifumua. Tumia uzi wa rangi kali isiyochuja, ili wakati wa kufumua usitafute tafute. Na ile isiyo na mshono wowote ndani, mfuko mtupu na pamba, kama unaipeleka kwenye mashine kubwa fanya wanavyofanya Wajapani na futoni zao, yale matandiko yao ya kulalia chini, iviringishe kama mkeka, ifunge na vitambaa laini sehemu nne au tano, ifungwe ishike isibanwe, na ifuliwe ikiwa imefungwa vivyo hivyo. Haisafiki sana kule katikati, nakubali, lakini inarudi ikiwa duveti.

Kwenye maji

Sabuni ya unga iyeyushe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, na weka kidogo, kidogo kweli, mana povu linaloingia kwenye pamba kulitoa ni mtihani na likikaukia humo nyuzi zinashikana zinakuwa ngumu. Hizi sabuni za maji za kutengeneza mtaani zina povu jingi kuliko kazi, kuwa nazo makini. Ikunje duveti mara tatu kwa urefu iingie kwenye beseni kwa mpangilio, usiisokomeze. Loweka dakika 20 mpaka 30 inatosha, kulaza usiku kucha hakuisaidii kitu. Afu gandamiza kwa viganja au ingia na miguu (misafi!) ukanyage taratibu eneo lote, sio kufikicha kitambaa kwa kitambaa kama jinzi, ule mfikicho ndo unaichana faiba ya shiti na kuviringisha ile ya vipande kuwa vidonge.

Wakati wa kubadilisha maji ndo duveti nyingi zinaharibikia. Mtu anashika kona moja anainyanyua juu, maji yote na pamba yote vinakimbilia chini, mishono inalia. Kumbe ungemwaga maji kwanza, duveti ibaki humo humo kwenye beseni, uigandamize kwa viganja maji yatoke, afu uweke maji mengine. Ikibidi kuibeba pitisha mikono yote miwili chini yake, unavyombeba mtoto aliyelala. Suuza mpaka ukiibana maji yatoke meupe hayana povu. Usiipopotoe. Hata kidogo, hata kwa watu wawili, hiyo ya huyu anasokota huku na yule kule ni ya mashuka. Chukua kreti za soda mbili tatu zipindue, ilaze juu yake imekunjwa, iache ichuruzike nusu saa, kila baada ya muda unaigandamiza. Maji yanayotoka hapo ni uzito ambao kamba haitaubeba.

Wa mashine. Ingiza duveti kavu kwanza, kama imejaa mpaka mlangoni na mkono haupiti kwa juu basi mashine hiyo ni ndogo, na hizi za kilo 6 na 7 za nyumbani kwa duveti ya 6x6 ni ndogo mara nyingi. Ikibanwa haigeuki, inasafika nje tu na pamba inasukumwa upande mmoja. Zile za matangi mawili msijidanganye, tangi la kukaushia ni jembamba, ile kuishindilia tu iingie umeshahamisha pamba kabla haijaanza kuzunguka. Ya kufungulia juu yenye ule mti katikati inasokota, iepuke kama una njia nyingine, ya kufungulia mbele ndo rafiki. Iweke duveti peke yake, programu ya taratibu, nyuzi joto 30 au 40, suuza mara ya ziada, na mzunguko wa kukamua uwe wa chini. Ikimaliza fungua, itoe, itikise, irudishe ikiwa imegeuzwa, ikamue tena. Maji ya moto sana hapana, poliesta ni plastiki, ikipata joto kali huku imekunjamana inakariri yale makunyanzi.

Ukimpa dobi mwambie mambo mawili tu, usipopotoe na usianike kwa kona. Wengine watakujibu wanajua kazi yao. Mwambie hivyo hivyo.

Kuanika

Hapa ndo penyewe. Unaweza ukafua kwa upole wote ukaja kuiua kwenye kamba, mana ikining'inia kwenye kamba moja ina nusu mbili zinazovuta kwenda chini muda wote, nzito, na pamba inafuata. Funga kamba tatu sambamba, hatua ndogo kati ya moja na nyingine, ilaze duveti juu yake ilale kitandani hivi, uzito ugawanyike. Huna kamba tatu? Kichanja cha vyombo kilichosafishwa kinafaa, au mkeka juu ya nyasi na shuka juu ya mkeka.

Kama una kamba moja tu na hamna namna, angalia mishono inaelekea wapi. Duveti nyingi zina mistari mirefu ya upande mmoja, sasa wewe anika ile mistari ikiwa imelala, ikatishe mlalo. Ukiianika mistari ikiwa imesimama umeipa pamba mfereji wa kushukia mpaka chini, ukiilaza kila mstari unakuwa ukuta. Kitu kidogo hiki ila tofauti yake unaiona siku hiyo hiyo. Afu kila nusu saa kwa masaa mawili ya mwanzo igeuze, ya juu iwe chini, na ukiigeuza ishikeni wawili kwa kona muitikise mara kadhaa. Palipo na bonge libane kwa vidole ulitawanye likiwa bado bichi bichi, pamba ikishakaukia kwenye bonge inakuwa na msimamo wake. Mchana piga piga kwa viganja pande zote. Mwenye mashine ya kukaushia aweke joto la chini na mipira miwili mitatu ya tenisi misafi ndani, inafanya kazi hiyo hiyo ya viganja, na kila baada ya muda aitoe aitikise.

Ikifika jioni haijakauka anua, umande utairudisha nyuma, itandaze ndani juu ya viti, kesho itoke tena. Ya manyoya mara nyingi inataka zaidi ya siku moja hata jua likiwa kali. Kujua kama imekauka usiguse kitambaa, kitambaa kinakauka mapema kinadanganya, bana katikati ya pamba ushikilie kidogo uweke na shavu, pakiwa pa baridi bado. Ikihifadhiwa na ubichi ndani inavunda, na kuitoa harufu hiyo ni kuifua tena upya. Kwa Dar na Tanga mwezi wa 4 na mvua zake za masika msiguse duveti, subirini.

Ambayo imeshajikusanya

Usiifue tena ukitegemea itajinyoosha. Ikiwa kavu kabisa ilaze mezani, anza kwenye bonge kubwa, livute kwa nje ya kitambaa kwa vidole, kipande kidogo kidogo, unakipeleka kule kulikokuwa kwake. Ya vipande inakubali, inachosha lakini inakubali. Ya shiti iliyochanika fumua ubavu mmoja ingiza mkono, kutanisha vile vipande vilivyoachana, pandishia kimoja juu ya kingine kwa upana wa vidole viwili, vishike na bandi pana, funga, afu piga mafundo ya shubiri kama nilivyosema. Usipopiga mafundo ukafunga tu, ufuaji ujao unarudi pale pale.

Ila pia punguzeni kufua jamani. Ukiwa na kava unafua kava kila wiki mbili, duveti yenyewe mara moja au mbili kwa mwaka yatosha. Mtoto akikojolea au chai ikimwagika usiloweke yote, wahi kabla haijazama, sukuma pamba ya pale pembeni kwa vidole mpaka ubaki na kitambaa kitupu, kikusanye ukifunge na rababendi kwa chini, fua hicho kidogo kwenye bakuli na sabuni, suuza, kausha na taulo, fungua. Pamba haijaloa, haiendi popote. Kwenye ya manyoya hii ni rahisi zaidi, kwenye yenye drafti ndogo ndogo utapata shida kidogo kuisukuma, fumua chumba kimoja kama imebidi.

Na kuna ambazo hazina dawa, ile faiba iliyokaushwa kwa joto kali ikawa migando migumu, ukiibana inatoa sauti ya kukwaruza. Kama kitambaa cha nje bado kizima nenda maduka ya vifaa vya makochi, faiba ya shiti wanakata kwa mita, pima na kitambaa chako uongeze kidogo pembeni kwa ajili ya kushikizia kwenye pindo. Ile ya zamani ichambue uitoe migando, inayobaki inatosha mito miwili ya kochi.